Kitone Kilichoacha Barabara

Kwanza namtaja Mola, asiyepotelewa na kitu, ajuaye kila mguu ulipokanyaga mara ya mwisho. Habari hii nimeipokea kwa binamu yangu, naye aliipokea kwa karani mwenyewe, mwanamke mkweli aliyefanya naye kazi dawati kwa dawati. Nami naifikisha kama ilivyonifikia.

Karani huyo alikuwa katika chumba cha takwimu cha kituo cha polisi. Kazi yake ilikuwa kusoma majalada na kuyaweka matukio kwenye ramani ya mtandaoni, ili raia yeyote afungue simu ajue hali ya usalama mtaani kwake. Wizi ulikuwa kitone cha manjano. Mtu aliyepotea, kitone chekundu. Vitone vikikutana mahali pamoja, ramani iliviunganisha vikawa duara lenye namba ya idadi yao ndani yake. Na zilikuwapo kanuni mbili. Kitone hakiwekwi juu ya nyumba ya mtu. Husogezwa katikati ya barabara, aliyeumizwa asijulikane. Na jalada lisilo na mahali halipandi ramani.

Kanuni hiyo ya pili ndiyo iliyomkereketa. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, alitoka asubuhi moja na chakula chake cha mchana mkononi, asionekane tena. Hakuna aliyejua alipotelea wapi. Miaka mitatu jalada lake lilikaa kabatini.

Mama yao, mjane, alijifunza simu kwa ajili ya ramani ile tu.

"Mwanangu, hata kuku wa jirani walioibwa wamo humu," alimwambia binti yake. "Ndugu yako mbona hayumo?"

"Mama, lazima tujue alipotelea wapi."

"Kumbe kuku wana anwani, mwanangu hana."

Kesho yake karani alimweleza sajini wa zamu, waliyemwita Kikombe kwa kuwa chai haikumtoka mkononi.

"Weka popote, dada," alisema Kikombe. "Juzi umemweka mlevi wa watu katikati ya barabara kuu kama askari wa trafiki, nani amelalamika?"

Karani alicheka, kisha akafanya. Alichagua kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani, pasipokaa mtu, akakiweka kitone kwenye barabara ipitayo mbele yake. Jioni alimkuta mama ameibusu simu, kioo kimelowa.

"Kumbe yuko huku," mama alisema. "Si mbali hata."

Binti alinyamaza. Kimya hicho alikijutia maisha yake yote.

Siku ya tatu kitone kilikuwa kimesogea mitaa miwili. Alidhani amekosea, akakirudisha. Asubuhi iliyofuata kilikuwa mbele zaidi. Kompyuta ilihifadhi jina la kila aliyegusa ramani. Safari hii haikuonyesha jina lolote.

"Sikukigusa mimi," Kikombe alinong'ona. Chai yake ilikuwa imepoa.

Mama alipiga simu akiwa na furaha. "Amefika sokoni, mwanangu. Kesho nitampikia."

Usiku ule karani aliazimia kumwambia ukweli. Asubuhi alimkuta mama anaosha sahani mbili, anaimba. Hakuweza. Akaenda kazini.

Adhuhuri, jua likiwaka, kitone kilikuwa kwenye mtaa wao. Akiwa anakitazama, kikaacha barabara. Hakuna kitone kinachoacha barabara. Kikavuka uzio. Kikasimama mlangoni.

Akapiga simu.

"Mama, usifungue! Nilidanganya. Pale kiwandani nilipachagua tu."

"Anabisha," mama alinong'ona. "Polepole, kama alivyozoea."

"Mama, huyo siye!"

"Hata kama siye, mwanangu."

Komeo likasikika. Simu ikakatika.

Alikimbia njia nzima. Mlango ulikuwa wazi. Sufuria ilikuwa bado ya moto. Sahani mbili zilikuwa mezani, zote zimeliwa. Sakafuni palikuwa na vumbi jekundu la matofali, na nyayo. Zilizoingia zilikuwa za mtu mmoja. Zilizotoka zilikuwa za wawili, na wa pili alikuwa pekupeku. Kandambili za mama zilibaki kando ya mlango, zimepangwa vizuri.

Askari walichimba kiwandani siku tisa. Hawakupata hata mfupa.

Kisha karani alilazimika kufungua jalada la mama yake. Alijaza jina, umri, nguo alizovaa. Kwenye nafasi ya mahali hakuandika kitu; hakuthubutu tena. Lakini alipofungua ramani, palepale kiwandani, ndani kabisa, mbali na barabara, palikuwa na duara jekundu lenye namba mbili. Akalifuta. Likarudi. Akalifuta tena. Likarudi.

Mara ya tatu mkono wake ulikataa. Tangu hapo halifuti. Kila asubuhi, kabla ya jalada lolote, hulifungua na kuliamkia, "Shikamoo, mama," kwa kuwa hana kaburi la kuzuru.

Nanyi mliosikiliza kwa subira, Mola awatulizie nyoyo, awarudishie kila mnayemngoja. Na siku atakapobisha mlangoni, ajaalie awe ndiye.