Mtani Alivyoondoka na Sauti ya Mume Wangu

Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Neema, na naishi Old Korogwe katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa kulialia mbele za watu. Lakini hili limenikaa rohoni, na kila ninayemsimulia ananicheka... Ndiyo, ananicheka! Labda ninyi mtanisikiliza hadi mwisho.

Mume wangu, Elieza, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Alikuwa Msambaa kama mimi, mpole, mbishi kwa mambo mawili tu: chumvi kwenye mboga na solfa. Kwaya za kwetu huimba kwa solfa, zile do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, na yeye alichoka kuona nyimbo za wazee zikipotea kwa sababu karatasi zimeliwa na mchwa. Akajifundisha mwenyewe kutengeneza programu. Unaandika solfa yako kwenye simu au kompyuta, unabonyeza, programu inakuimbia sauti zote nne. Akaiita Solfa Yetu.

Sauti zenyewe zilikuwa zetu. Tulijirekodi chumbani msimu wa mvua, maji yakigonga bati. Mimi niliimba sauti ya kwanza na ya pili, yeye akaimba ya tatu na besi, noti moja baada ya nyingine, tukisimama kila ng'ombe wa jirani alipolia. Sijawahi kucheka na mume wangu kama nilivyocheka siku zile.

Programu ilikuwa huria. Maana yake ilitolewa bure, na mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyoandikwa, airekebishe, ampe na mwenzake. Hakuna aliyelipwa. Tuliibeba sisi wachache wa kujitolea: Elieza, mimi niliyejibu maswali ya watumiaji, dada mmoja wa Lushoto aitwaye Sofia aliyesahihisha makosa, na Mhando.

Mhando... Hata leo nikilitaja jina hilo mate yananikauka. Alikuwa Mzigua wa Chanika, kule Handeni, fundi simu mwenye akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alitufuata kwa sababu alitaka programu imsaidie kufundisha kasida kwenye madrasa ya mtaani kwao. Ndiye aliyeifanya iingie kwenye simu za bei rahisi. Alishauri zile sauti zisikae ndani ya simu za watu, maana zingejaza nafasi, bali zikae mtandaoni na programu izivute kila inapoimba. Mume wangu alimsifu sana kwa wazo hilo. Mimi nilimpikia ugali kwa kisamvu.

Sasa, Wazigua na Wasambaa ni watani. Mhando akiingia tu kwetu alianza: "Nyie Wasambaa, hata mkitembea barabara ya tambarare mnainua magoti kama mnapanda mlima." Na mimi nilimjibu kwamba Mzigua, kwa ukame wa kwao, hata mvua imnyeshee bado atabisha hodi kuomba maji. Ndivyo tulivyoishi. Mtani husema lolote, na wewe hununi. Ukinuna, aibu ni yako.

Msidhani kazi ya kujitolea ni tamu. Watumiaji walikuwa wengi, na wa kusaidia hawakuonekana! Ikikaribia Pasaka simu haikupumzika. Programu inakwama. Besi inachelewa. Mwalimu, mmelala? Watu ambao hawakutoa hata shukrani walituamrisha kana kwamba tuko shambani kwao. Elieza alitoka shuleni amechoka, akala haraka, akafungua laptopu na kuwajibu wote kwa maneno yaleyale: "Nimetengeneza, jaribuni tena." Nilimwambia apunguze. Alisema akiacha yeye, nani atashika?

Presha ikampiga akiwa darasani. Alipooza upande mmoja, akawa anaandika kwa mkono wa kushoto akiwa kitandani. Nilificha laptopu chini ya nguo, akanibembeleza kwa macho mpaka nikaitoa. Hakumaliza mwezi.

Maiti ikiwa bado haijatoka nyumbani, kwenye simu yake uliingia ujumbe: "Mwalimu mbona hujibu? Acha dharau." Niliusoma mara nyingi. Yule mtu sikumjibu.

Kwenye msiba watani walikuja, kama ilivyo desturi. Mhando alikuwa mbele yao. Alivaa miwani ya marehemu na kofia yake, akainua magoti huku akizunguka uani, kisha akaketi katikati ya wafiwa na laptopu ya Elieza mapajani. Akajifanya anaandika kwa kidole kimoja, akakohoa kama yeye, akasema kwa sauti ileile: "Nimetengeneza, jaribuni tena."

Watu walicheka mpaka machozi. Na mimi nilicheka! Ilikuwa mara ya kwanza tangu mume wangu afumbe macho, na nilimshukuru Mhando moyoni.

Baadaye akaitia laptopu kwenye mkoba wake, akatangaza kwamba ni haki ya mtani, ikombolewe kwa jogoo. Hiyo nayo ni desturi. Mtani hushika kitu cha marehemu, wafiwa hutoa chochote, kitu kinarudi. Baba mkubwa wa Elieza akaleta jogoo. Mhando akamgeuzageuza, akasema huyu ni jogoo wa Kisambaa, amekonda kwa kupanda milima, hajatosha. Wakacheka tena. Akaondoka na jogoo, na laptopu akaondoka nayo.

Kwa nini sikumnyang'anya? Mnaniuliza hilo, najua. Ndugu zangu, nani humnyang'anya mtani mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka? Nilijua ataileta. Alikuwa kama ndugu.

Humo ndani ndimo zilimokuwa funguo zote. Paswedi za akaunti kuu ya programu, na rekodi zile za chumbani. Elieza hakuwa na siri, laptopu yake ilifunguka bila kuuliza neno.

Matanga yalipokwisha nikampigia. Akatania. Nikampigia tena, akatania tena. Nikanunua jogoo mkubwa, nikapanda gari hadi Chanika kumfuata. Alinipokea vizuri, mkewe akatupikia yule jogoo, tukala wali. Nilipouliza laptopu, Mhando alinawa mikono akasema jogoo ameliwa na mimi mwenyewe nimekula paja, kwa hiyo ukombozi haujahesabika. Wote pale walicheka. Nilirudi Korogwe mikono mitupu na tumbo limejaa.

Muda si mrefu Solfa Yetu ikabadilika. Jina la Elieza liliondolewa, langu pia, na la Sofia. Likabaki la Mhando peke yake, na nyimbo zikaanza kulipiwa. Niliandika kwenye grupu la watumiaji, wale niliowajibu miaka yote, nikaeleza kwa adabu kwamba programu ni ya wote na mwenye funguo amezishika kimakosa.

Mnajua alijibu nini? Aliandika: "Jamani mjane wa Kisambaa anataka kurithiwa, ndiyo maana ananisumbua. Nitakuja na mkeka." Grupu zima likajaa vicheko! Walimu wa kwaya, wazee wa kanisa, akina mama tulioimba nao... Hakuna hata mmoja aliyeandika neno la kunitetea. Mmoja aliniambia pembeni nisiwe na hasira za karibu, mtani ametania tu.

Nilikwenda kwa baba mkubwa, nikapiga goti, nikasema shikamoo, nikamweleza. Akaguna. "Mama Neema, tangu lini sisi tukaenda kumshitaki mtani? Utatuchekesha." Nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza kwa makini mpaka nilipotaja jogoo. Hapo akacheka, akauliza kama yule wa pili alikuwa mnono.

Kila mlango nilioubisha nilipokewa kwa kicheko. Angekuwa mwizi wa kawaida angeshikwa. Lakini huyu aliiba kwa mzaha, na mzaha ukamfunika kama mwavuli. Nilianza kujiuliza kama kweli nimeibiwa, au mimi ndiye nisiyejua kucheka.

Bado sijafika penye uchungu wenyewe.

Binti yetu Neema alikuwa na tabia tangu baba yake afariki. Akitoka shule alichukua simu yangu, akaandika do, mi, so, akafunga sauti nyingine zote akabakisha besi. Baba yake alimwimbia. Kisha alirudisha simu akaenda kucheza. Sikuwahi kumkataza, na kusema kweli nami nilifanya hivyo nikiwa jikoni peke yangu.

Siku hiyo alibonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena. Akaniletea simu huku amekunja uso. "Mama, huyu si baba."

Nilisikiliza. Ilikuwa besi nzuri, safi, ya kijana nisiyemjua. Hapakuwa na mvua, wala bati.

Nilimpigia Mhando. Nilimwambia achukue vyote, jina, programu, hata laptopu. Sitadai tena, sitalalamika kwa mtu. Anirudishie zile rekodi tu, kwa ajili ya mtoto. Nilisubiri anitanie. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutania.

"Shemeji, nimeshazifuta," alisema. "Zilikuwa na kelele za mvua, watu wanalalamika. Laptopu nayo nilishaisafisha nikaiuza."

Nilimuuliza kama hakuweka nakala hata moja. Akasema hakuona sababu. Kisha akaniaga vizuri, akaniambia nimsalimie Neema.

Mume wangu nilimzika mara moja mbele ya watu. Mara ya pili nilimzika jikoni, simu ikiwa mkononi, na hakuna aliyekuja kunipa pole.

Sofia alikuwa na nakala ya zamani ya programu, ile iliyoandikwa na Elieza, lakini bila sauti, maana zilikaa mtandaoni. Kwa kuwa ni huria, hakuna aliyeweza kutukataza. Tumeanza upya kwa jina lingine. Nimerekodi tena sauti yangu, ya kwanza na ya pili. Ya tatu na besi Sofia anataka tumtafute mtu. Mimi namwambia angoje kidogo, naye anangoja. Kwaya nyingi zinatuita waigaji, zinasema ile ya Mhando ndiyo halisi.

Wasomaji wenzangu, nawasihi ninyi mnaobeba kazi za kujitolea. Msimwachie mmoja afe na funguo zote, wala msimwachie mmoja azishike kwa sababu tu anawachekesha. Gawaneni mkiwa hai na mnapendana. Wekeni nakala za sauti za wapendwa wenu hata kama zina kelele za mvua. Na mtu akichukua kilicho chako huku watu wanacheka, wewe usicheke. Nuna! Aibu ya kununa hupita upesi kuliko hii niliyo nayo.

Juzi mtumiaji mmoja ameniandikia. Hakusalimia. Ameuliza mbona programu yetu haina besi, na huko tunafanya kazi gani.

Neema alikuwa karibu, akasoma. Aliichukua simu mkononi mwangu, akaandika jibu yeye mwenyewe kwa kidole kimoja, kama baba yake: "Tunatengeneza, jaribuni tena."