Mguu Usiokandwa

Mwokaji mikate alirudi nyumbani jioni na unga kwenye nyusi. Akamkuta mkewe bado yuko kwenye cherehani. Sare za shule zilikuwa zinangojewa, na wiki nzima mama huyo hakunyanyuka kitini ila kwa kula na kulala.

"Baba watoto, mguu wa kushoto unaniuma. Umeumuka kama mkate wako."

Mume akacheka. Akakaa chini, akaupakata mguu, akakanda kigimbi kwa mafuta. Maneno matamu yalimpiga chenga maisha yake yote. Mapenzi yake yalikuwa mikononi.

Akakanda leo, akakanda kesho. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba zaidi, una joto. Alikuwa anamimina mafuta kiganjani jirani yao muuguzi alipoingia kuchukua gauni lake.

"Shemeji, acha! Toa mkono hapo!"

"Dada, mimi ni fundi wa kukanda."

"Kakande unga!" Muuguzi akachuchumaa, akalinganisha miguu miwili. "Shoga, unapumua vizuri? Kifua hakiumi?"

"Hakiumi. Mbona unanitisha?"

"Kitendawili!"

"Tega," mke akajibu. Kitendawili hakuwahi kukikataa, hata akiumwa.

"Mto wangu hupanda mlima. Ukisimama, nyumba yote inaugua."

Mke akautazama mguu wake. "Damu!"

"Umetegua. Damu ya mguuni hupanda kurudi moyoni. Ukikaa kutwa, inazubaa, na inaweza kuganda mshipani. Mshipa wa juu, ule wa chini ya ngozi tu, ukipata shida, ukiugusa ni kama kamba ngumu, unauma. Huo nao uonwe na daktari. Lakini donge likiwa kwenye mshipa wa ndani, mguu unajaa hivi. Ukilikanda, linaweza kung'oka likapanda hadi mapafuni. Mtu anakosa pumzi, anakufa."

Mume akaiangalia mikono yake. "Kumbe nilikuwa namuua mwenyewe?"

"Ulikuwa hujui, shemeji. Inuka, twende hospitali. Sasa hivi, si kesho."

Hospitalini, picha ilionyesha donge kwenye mshipa wa ndani. Daktari akatoa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda.

"Meza kila siku, hata ukijisikia nafuu. Usiache mpaka nikuambie. Ukitoka damu isiyokatika, au pumzi ikikubana ghafla, rudi hapa mbio. Na kila saa simama, utembee."

Waliporudi, mume alikaa pembeni ya kitanda, mikono mapajani, hajui aiweke wapi.

"Si unishike," mke akasema. "Mkono, baba watoto. Mguu tuuache."

Akamshika mkono mpaka mke akasinzia.

Dawa hakuzikosa hata siku moja. Cherehani ikawa inapumzika kila saa, na jioni wakawa wanatembea wawili. Miezi ikapita, uvimbe ukaisha, na daktari akasema inatosha.

Jioni hiyo mke alikuwa mbele, mume nyuma anahema.

"Polepole, mama watoto! Mguu wako!"

"Mguu wangu mzima. Tumbo lako ndilo linalotuchelewesha."

Akasimama, akamngoja, akamnyooshea mkono.