Uso wa Mwenye Akaunti

Kikohozi kilitoka mezani. Tulia alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi, mtoto wake Lusungu amelala mkekani, na hapakuwa na mtu mwingine ndani ila mumewe Lugano, ambaye hakuwa na mafua. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, kama cha mzee anayekaribia mlango na kutaka waliomo wajue.

Kisu kikamponyoka. Kabla hajafikiri alikuwa ameshavuta khanga na kujifunika uso.

"Mama Lusungu, unamkimbia nani?" Lugano aliuliza, macho yake kwenye kompyuta.

"Simu yako imekohoa."

"Ipe tangawizi."

"Sitanii, Baba Lusungu. Umeiwekea mlio gani?"

"Haina mlio wowote. Nimeizima sauti tangu jana."

Ilikuwa simu ya kazi. Lugano alikuwa akichora upya sura ya programu ya barua pepe, ya watu wanaopenda siri. Barua ikiandikwa humo ilifungwa kwa kufuli, na hata wenye kampuni hawakuwa na ufunguo. Tabu ilikuwa nywila. Ilikuwa ndefu, watu waliisahau, na barua zao zikabaki zimefungwa milele. Katika sura mpya Lugano aliiondoa nywila akaweka uso. Unaitazama simu, kufuli inafunguka; kwa majaribio, mpaka uso wa mwenye akaunti usajiliwe, ilikubali uso wowote. Alimpa mkewe aijaribu, maana, alisema, kama mtu anayeangalia sufuria huku anabembeleza mtoto ataiweza, basi kila mtu ataiweza.

Tulia aliitazama kila alipopata nafasi. Kila ilipofunguka alikuta barua moja, haina neno hata moja ndani, haina jina la aliyeituma. Lugano alisema ni hitilafu, ataitengeneza. Lakini kulikuwa na harufu pia. Ilimjia puani kufuli ilipoachia, harufu ya ugoro na ya udongo wa mgombani uliolowa. Tulia aliijua harufu ile. Hakusema ni ya nani.

Baba mkwe wake alikuwa amezikwa nyumbani kwake Kawetele masika yaliyopita. Tangu aolewe, Tulia hakuwahi kumtazama usoni wala kutamka jina lake. Wengi mjini wameiacha desturi hiyo ya Wanyakyusa, lakini mzee aliishika, na Tulia, ambaye tangu utoto ni mtu wa haya, hakuiona kuwa mzigo. Mzee alipokuja kwao Msasani, mwendo mfupi tu kutoka Kawetele, alikohoa uani. Hapo mkamwana alitoka kwa mlango wa jikoni akajibanza nyuma ya migomba, hata mvua ikinyesha, mpaka mgeni alipoondoka. Akirudi alikuta maparachichi yamewekwa kizingitini, yaliyochaguliwa moja moja. Walipendana hivyo hivyo, bila kuonana.

Alasiri moja ukungu ulishuka hata nyumba ya jirani ikapotea, umeme ukakatika, na Lugano akaenda mjini kutafuta pa kuchajia kompyuta yake. Tulia alitoka kuanua nepi. Alipokuwa kwenye kamba alisikia kikohozi ndani ya nyumba.

Alirudi taratibu, nepi zimemjaa mikononi, na kabla hajafika mlangoni ile harufu ya ugoro ilimpokea, nzito kuliko siku zote, kana kwamba mtu amekaa ndani kwa muda mrefu akinusa na kupiga chafya na kungoja, na alipochungulia aliona simu, ambayo alikuwa ameiacha juu ya kabati, imelala mkekani, inawaka, na Lusungu ameinama juu yake, uso wake mdogo umekuwa wa buluu kwa mwanga, hachezi, hacheki, anatazama tu kama mtu anayesoma.

Kwenye kioo paliandikwa: *Uso wa mwenye akaunti umesajiliwa.*

"Lusungu," Tulia alinong'ona.

Mtoto aliinua kichwa. Akakohoa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu.

Na Tulia, aliyemzaa, alijikuta amegeuka ukutani na khanga iko usoni.

Lugano aliporudi alimkuta vile vile, mtoto analia nyuma yake.

"Mchukue," Tulia alisema kwa sauti ya chini. "Mimi siwezi kumtazama."

"Unaumwa?"

"Niambie, hiyo akaunti umeiandika kwa jina la nani?"

Lugano akakaa chini.

"La baba," alisema. "Kwa kawaida tunaweka majina ya kubuni. Nilikuwa nimemkumbuka, nikaona bora nimweke yeye."

"Ukanipa nimtazame."

"Nilisahau, Tulia."

"Umesahau! Nimenyeshewa mvua migombani tangu unioe, leo umesahau nilikuwa najificha nini?"

"Shh. Usipaze sauti."

"Ifute."

Alijaribu. Aligusa hapa, akagusa pale, jasho likimtoka. "Haifutiki bila uso wa mwenyewe," alisema hatimaye. "Nimeichora hivyo mimi, ili mwizi asifute barua za watu."

Usiku huo Lusungu hakunyonya. Kila alipopakatwa alikohoa, na kila alipokohoa mikono ya mama yake ilikufa ganzi, khanga ikapanda usoni yenyewe. Walisali mpaka sauti zikawakauka. Kulipokucha midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka. Lugano alimfunga mgongoni mwa mkewe, wakaenda Kawetele.

Shangazi Atuganile, dada wa marehemu, aliwasikiliza akiwa amesimama na jembe mkononi.

"Lugano, hicho ni kichwa au boga?" alisema. "Kaka yangu alikuwa anakohoa ili mke wako apate pa kujificha. Wewe umewakalisha wakatazamana! Sasa ameshaona mlango uko wazi, kwa nini abaki nje kwenye baridi?"

"Tufanye nini, shangazi?"

"Tumwombe radhi. Twendeni."

Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, migomba imeliinamia. Shangazi aliiweka simu juu ya udongo akaifunika kwa khanga mpya. Tulia alipiga magoti, akalipa kaburi mgongo kama inavyompasa mkamwana.

"Baba, nisamehe," alisema. "Sikujua kuwa ni wewe. Niachie mtoto wangu."

Shangazi alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya kaburi, mara moja na mara nyingine, akizungumza na kaka yake kwa Kinyakyusa, akimgombeza kidogo, akimbembeleza kidogo. Lugano alifumba macho, anasali. Upepo ukapita, khanga ikafunuka. Simu ikalia.

Lugano akairukia. "*Uso wa mwenye akaunti umetambuliwa,*" alisoma, machozi yakimtiririka. "*Akaunti imefutwa.* Imefutwa! Baba amekubali!"

"Ndaga, kaka, ndaga," shangazi alishukuru, na akacheka kwa mara ya kwanza. "Mpe mtoto ziwa."

Lusungu alinyonya pale pale kando ya kaburi, kwa pupa, kama mtoto yeyote. Tulia alimtazama usoni mpaka akashiba.

Kampuni iliipenda sura mpya. Lugano alinunua mashine ya kufulia nepi, Lusungu akaota jino, na kwa muda hapakuwa na harufu nyingine nyumbani ila ya sabuni na ya ndizi zinazochemka.

Ni siku ukungu uliposhuka tena ndipo Tulia, akiwa peke yake na mtoto mapajani, alipoikumbuka ile asubuhi na kuipanga upya, jambo moja baada ya jingine: shangazi alikuwa pembeni ameinama kuteka maji, Lugano alikuwa nyuma ya shangazi, amefumba macho, yeye mwenyewe alikuwa amelipa kaburi mgongo, na mgongoni mwake, shingo ameipinda, uso umegeukia kaburini, macho wazi, alikuwa Lusungu.

Simu ilikuwa imeuona uso ule ule iliousajili mkekani.

Kizingitini kitu kilianguka kwa kishindo kidogo, kikabingirika. Lilikuwa parachichi, bichi, limelowa. Uani hapakuwa na mtu.

Mapajani mwake Lusungu alikohoa, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayetoa nafasi.

Mkono wa Tulia ukapanda wenyewe kuvuta khanga.