Anayeshona Ndani Nani?

Kila asubuhi Mahbuba alifunga mlango kwa komeo, ndipo mumewe akakaa kwenye cherehani. Ndivyo walivyoishi Matrah, mji wa bandari wa Oman, kwa miaka minne, tangu walipotoka Unguja mwaka 1964. Walikuwa na chumba kimoja na ua mdogo wa kupikia. Maji waliletewa kwa punda. Joto likiingia ndani mchana, halikutoka mpaka alfajiri.

Mumewe, Aflah, alikuwa karani wa serikali kule Unguja. Babu yake alikuwa liwali, mtu mkubwa katika mji wake. Lakini huko Matrah, Aflah hakupata kazi ya kalamu. Kitu kingine alichokijua ni kushona. Alijifunza utotoni kwa fundi wa jirani, kwa mchezo tu. Sasa mchezo ule ndio uliowalisha. Kanzu zake zilikaa mabegani vizuri, na watu walizipenda. Lakini mjukuu wa liwali aonekane fundi cherehani? Aliona bora kufa. Basi watu wakaambiwa kwamba anayeshona ni Mahbuba.

Masikini Mahbuba hakujua kushona hata foronya ya mto. Kazi yake ilikuwa kupeleka kanzu sokoni kwa Bakhit, mwuza nguo, na kupokea sifa. Wanawake wa mtaani walimwomba awafundishe. Aliwaambia macho yanamuuma. Binti yao Rahila, mtoto wa miaka sita, alifundishwa kusema "Baba kalala" mtu akibisha hodi. Hilo ndilo lililomchosha Mahbuba kuliko kupika na kufua. Mtoto alijua kusema uongo kabla hajajua kusoma alifu.

Tumaini lao lilikuwa moja, nalo ni Denmaki, nchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Wapo watu wa Unguja waliokwenda huko wakapata kazi viwandani. Aflah alijua Kiingereza. Aliandikia viwanda viwili kuomba kazi. Viwanda vyote viwili vilimjibu kwa mstari mmoja: tunasikitika.

Siku moja Nasriya, jirani yao, alikuja kuwatazama. Nasriya na mumewe Marhoon walikuwa wakifanya kazi Denmaki. Alikuwa amerudi Matrah kwa wiki chache tu, kumuuguza mama yake. Siku hiyo Mahbuba alikuwa amekaa uani akichagua mchele. Komeo hakulitia. Alikuwa amechoka, akasema moyoni, leo na liwe liwalo.

"Hodi, hodi."

"Karibu, shoga. Pita ukae."

Walizungumza habari za mgonjwa. Kisha Mahbuba akamtolea nakala ya barua ya mumewe, kwa sababu Nasriya alijua kusoma Kiingereza.

"Hebu nitazamie, shoga. Kosa liko wapi?"

Nasriya alisoma kwa sauti, akiitia katika Kiswahili. "Mimi ni Aflah bin Ghanim bin Suud. Babu yangu alikuwa liwali. Ukoo wetu unajulikana Unguja na Oman. Niko tayari kupokea kazi yoyote inayostahiki ukoo wangu."

Aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio asicheke.

"Shoga, kule nani anamjua babu yake? Mie nlipofika, bwana mkubwa wa kiwanda aliniuliza mambo mawili. Unajua kufanya nini, na umeifanya kazi hiyo muda gani. Nikamwambia najua kupara samaki. Akanipa kisu, akasimama kunitazama. Kwisha. Sasa mumeo anajua kufanya nini?"

Mahbuba aliinamia ungo wa mchele. Kabla hajajibu, cherehani ikaanza kulia chumbani. Aflah alikuwa ndiyo kwanza ameamka, hakujua kuwa kuna mgeni.

Nasriya aliitazama mikono ya Mahbuba iliyojaa mchele. Akautazama mlango wa chumba.

"Shoga, anayeshona ndani nani?"

Uongo wa miaka minne ulikuwa tayari ulimini. Mahbuba alitaka kuutoa, akashindwa. "Aflah," alisema. "Ndiye yeye tangu mwanzo."

Cherehani ikanyamaza. Aflah akatoka, utepe wa kupimia uko shingoni. Uso umemwiva.

"Mahbuba, umefanya nini?"

"Nimechoka, Aflah. Wallahi nimechoka. Kazi ya halali tunaificha kama tumeiba."

"Usimgombeze, shemegi," alisema Nasriya. "Mficha uchi hazai. Kila siku nikenda kazini kwangu napita mlango wa kiwanda cha nguo. Kuna tangazo pale, wanataka washonaji. Na wewe umejifungia ndani."

"Mimi ni karani, Bi Nasriya."

"Ukarani wa kule ni kwa lugha yao. Unaijua?"

Aflah alitikisa kichwa.

"Basi ukifika utajifunza. Ziko skuli za jioni za wageni. Mie nakwenda mara mbili kwa wiki. Nasinzia, lakini nakwenda. Ukishaijua lugha, tafuta huo ukarani wako. Lakini kwanza ingia kwa mlango ulio wazi."

"Na kama n'takwenda tu, nikatafute hukohuko?"

"Wako waliokwenda hivyo. Wanalala kwa huyu, kesho kwa yule, na askari akipita roho juu. Usende bila ya kibali. Kiwanda kikikutaka, kikuandikie barua. Barua hiyo ndiyo utakayoombea ruhusa ya kukaa na ya kufanya kazi. Ukifika, siku za mwanzo tu nenda ukaandikishwe kwenye ofisi ya serikali. Kisha jiunge na chama cha wafanyakazi. Ukionewa, chama kitakusemea."

"Na hiyo baridi?" aliuliza Mahbuba.

"Baridi utanunua koti, hata kuukuu. Tabu ni upweke. Majirani hawabishiani hodi. Wiki nzima hujasikia mtu akakuuliza umeamkaje. Nlilia sana, shoga. Mwisho nikaanza kuwasalimia mie. Sasa wananijibu."

Nasriya akaeleza jambo la mwisho. Aflah aandike barua mpya, aseme kazi anayoijua na miaka aliyoifanya. Pia apate barua ya ushahidi kutoka kwa mtu aliyemfanyia kazi. Yeye Nasriya atazifikisha kiwandani kwa mkono wake.

"Mtu mwenyewe ni Bakhit," alisema Aflah polepole, "na Bakhit anajua fundi ni Mahbuba."

"Basi kamwambie."

Siku tatu Aflah hakuigusa cherehani. Siku ya nne aliibeba cherehani yake ya mkono begani, akamwambia mkewe, "Twende."

Bakhit aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, lakini hakuamini.

"Nikitia saini kwenye uongo, nani atanunua nguo kwangu tena? Kaa ushone, nikuone."

"Hapa nje, barazani?"

"Ndani hakuna mwanga."

Aflah akakaa barazani, mbele ya macho ya soko zima. Mahbuba alikaa nyuma, baina ya majora ya nguo. Watu walipita, wakatazama, wakenda zao. Karibu na adhuhuri akapita Mzee Sleyum, rafiki wa marehemu baba yake Aflah. Akasimama.

"Aflah? Unafanya nini hapa?"

"Nashona, ami."

"Mjukuu wa liwali?"

"Ndiyo, ami. Nashona."

Mzee akaenda zake bila ya kuaga. Mkono wa Aflah ulisita kwenye mpini wa cherehani. Roho ilimuuma Mahbuba. Alidhani sasa mumewe atainuka na safari yao itakufa pale pale. Aflah alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akautia kwenye tundu la sindano, akaendelea kushona.

Kufika alasiri kanzu ilikuwa tayari. Bakhit aliuvuta mshono wa bega kwa mikono miwili. Haukufumuka. Akasema, "Leta hiyo karatasi nitie saini."

Barua mpya ilikuwa fupi. Haikumtaja babu. Nasriya alikwenda nayo, na baada ya miezi miwili jibu likaja, kiwanda kinamtaka. Vibali vilichukua muda, na ruhusa ya kutoka Oman ikachukua muda zaidi. Siku hizo zote Aflah alishona mlango ukiwa wazi. Wateja walikuja wenyewe kupimwa. Mzee Sleyum hakuja.

Aflah aliondoka mapema mwaka 1969. Barua zake hazikuwa za kujisifu. "Nashona mikono ya mashati tu, kutwa," aliandika. "Mgongo unauma. Nimeandikishwa, nimeingia chama, na jioni nasoma lugha yao pamoja na Marhoon. Jana nilimsalimia jirani, akanijibu." Mwaka uliofuata alipata nyumba ya vyumba viwili, akaleta karatasi za mkewe na binti yake.

Mahbuba alikwenda Maskati kwenye ofisi ya paspoti, Rahila kamshika mkono. Karani aliuliza maswali kwa Kiarabu huku akiandika.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Kazi yake?"

"Fundi cherehani."

Karani aliandika bila ya kuinua kichwa. Hakushangaa, hakucheka. Kumbe neno lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Mahbuba aliikumbuka miaka yote minne, akataka kulia, akajizuia.

"Na wewe? Kazi yako?"

"Sina bado," alijibu Mahbuba. "Nakwenda kujifunza."