Chupa ya Mwisho ya Mboga Kavu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Chiriku alifanya jambo moja ambalo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyelijua. Alipiga magoti kando ya kitanda, akavuta sanduku la bati la nguo, akapenyeza mkono chini ya magauni yaliyokwisha kumbana na kutoa chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Alifungua kifuniko, akaingiza pua, akavuta pumzi. Ndani ya chupa mlikuwa na majani ya kunde yaliyokaushwa. Yalinukia chumvi na jua na moshi kidogo, kama zilivyonukia nguo za mama yake alipotoka jikoni. Kisha aliifunga, akairudisha mafichoni, akaenda kubandika uji.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Aliongea akifagia, akiosha vyombo, hata akipiga mswaki. Lakini mama yao alipougua ghafla mwishoni mwa kiangazi, akalazwa na asirudi tena, jina lilibaki na maneno yakaondoka. Sasa Chiriku alijibu alipoulizwa tu, na wakati mwingine hata hapo hakujibu.

Wakati wa uhai wake, Mama hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja mdogo, na kila beseni lililotoboka, kila gunia lililochanika na kila ndoo iliyokatika mpini vilihamia huko, vikajazwa udongo na kupandwa mboga. Maji aliyooshea mchele yalimwagwa kwenye mimea. Maganda ya ndizi yalifukiwa yaoze yawe mbolea. Mboga zilipostawi kupita walaji, Mama alizichuma, akazikausha na kuzitia kwenye chupa. Alijua kwamba mvua zikianza, mboga sokoni huadimika na bei hupanda. Tena mume wake alikuwa mwashi, na ukuta haujengwi kwenye mvua. Zile chupa ndizo zilizowavusha miezi ile.

Baada ya msiba, Baba aliutia komeo mlango wa nyuma na hakuufungua tena. Mvua zikaanza. Wakala zile chupa moja baada ya nyingine, na kila chupa ilipoisha Chiriku aliona kama mama yake amepiga hatua nyingine kwenda mbali. Ilipobaki moja, alipanda juu ya kigoda, akaishusha kutoka kwenye rafu na kuificha.

"Mboga za chupa zimekwisha?" Baba aliuliza jioni ile.

"Zimekwisha, Baba," Chiriku alijibu.

 Baba alitazama ile rafu tupu, akashusha macho. Uongo ule ulikuwa mdogo, lakini ulimkaa Chiriku mdomoni kama mchanga kwenye wali: hauumizi, ila kila ukitafuna unausikia.

Huenda mambo yangekwenda hivyohivyo, lakini Kibabu aliugua. Kibabu ni mdogo wake Chiriku. Alikuwa bado hajaanza shule, na alipewa jina hilo kwa jinsi alivyopenda kutembea mikono nyuma, kama mzee anayekagua shamba. Alishikwa na malaria. Baba alimbeba hadi zahanati, akapimwa, akapewa dawa, na homa ikaondoka. Kilichogoma kurudi ni hamu ya kula. Uji aliusukuma. Wali aliulamba kidogo, akageukia ukutani. Muuguzi alikuwa amewaambia wazi kwamba mtoto ale, hata kama ni kidogo kidogo, na asikose mboga za majani, kwa kuwa ugonjwa umempunguzia damu.

"Basi unataka nini, Kibabu wangu?" Baba alimuuliza Jumamosi moja asubuhi, mvua ikipiga bati.

"Mboga ya Mama. Ile ya chupa."

"Ile imekwisha, mwanangu. Si dada yako alituambia?"

Chiriku alikuwa akikoroga uji. Aliendelea kukoroga, japo uji ulikwisha kuiva.

Baba alivaa koti lake la mvua lenye kiraka begani. "Ngoja niende soko la ng'ambo ya mto. Huenda kuna aliyepata chochote," alisema. "Mwangalie mwenzako."

Alitoka. Chiriku alisimama dirishani akamwona anavyokwenda, ameinamisha kichwa, akiruka madimbwi. Alipogeuka, alikuta Kibabu anamtazama kwa macho makubwa yaliyozama. Mikono yake iliyokuwa juu ya shuka ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

Hapo moyo ukamsuta. Mtu mzima yuko kwenye mvua anatafuta kitu ambacho kimelala chini ya kitanda. Chiriku alipiga magoti, akavuta sanduku, akatoa ile chupa na kuipeleka penye mwanga.

Kwa siku kadhaa alikuwa ameona kwamba harufu inabadilika, lakini alijidanganya kwamba ni pua yake. Sasa hakuweza kujidanganya tena. Majani ya chini yalikuwa yameshikana, na juu yake palikuwa na kitu kama pamba, rangi ya kijivu yenye kijani ndani yake. Ukungu. Kila asubuhi aliyofungua kifuniko, hewa nyevu ya masika ilikuwa imeingia. Sakafu baridi ikamalizia kazi.

Chiriku alilia bila sauti. Kisha akaanza kuchagua. Majani yaliyoshikana aliyatenga, yaliyoonekana mazuri akayaosha maji mengi, akayabandika na kitunguu. Alijiambia kwamba moto unaua kila kitu.

Harufu ya kitunguu ilipotanda, Kibabu aliinuka mwenyewe akaketi. "Ni ya Mama?"

"Ndiyo."

"Ulisema imekwisha."

"Kula kwanza."

Alimpa bakuli. Kibabu alitabasamu, tabasamu ambalo Chiriku hakuwa ameliona tangu homa ianze. Alichota kijiko, akakipuliza kwa mashavu yaliyojaa.

Kumtazama akipuliza ndiko kulikomkumbusha Chiriku siku moja Mama alipofungua chupa akaona doa moja tu la ukungu. Mama yule yule asiyetupa hata ganda la ndizi alikwenda kuifukia mboga yote. Chiriku alimsihi angalau wachague iliyo nzima. "Chakula kilichoota ukungu hakichaguliwi, mwanangu," Mama alisema. "Unaouona ni ule uliochomoza. Sumu yake imekwisha kutembea, na si kila sumu inakufa kwa moto."

"Usile!" Chiriku alipiga kelele, akalipiga lile bakuli. Kijiko kiliruka, mboga ikamwagika sakafuni.

Kibabu aliangua kilio. "Umemwaga mboga ya Mama! Umemwaga!"

"Umemeza? Fungua mdomo. Umemeza?"

"Sijameza! Hata sijaonja!" Alilia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na Chiriku akamkumbatia naye akalia, safari hii kwa sauti. Hivyo ndivyo Baba alivyowakuta. Maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye koti, na mkononi alikuwa na majani matatu ya kabeji yaliyosinyaa.

Alitazama mboga sakafuni. Akaitazama chupa mezani. Alivuta kiti akaketi kabla hata ya kuvua koti.

"Nieleze," alisema.

Chiriku alieleza. Alianza na siku aliyopanda kigoda, akaja kwenye uongo wa jioni ile, akaeleza jinsi alivyoinusa ile chupa kila asubuhi, kisha ukungu, na jinsi alivyotaka kumlisha mdogo wake huku akijua. Hakujitetea. 

"Mama alikuwa akisema akiba haiozi," alinong'ona. "Nilitaka ibaki, Baba. Nikaiozesha mimi."

 Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyokuwa nayo aliyapanga kama matofali, moja akilitazama kabla ya kuweka jingine.

"Ungemlisha mwenzako ukungu, tungekuwa zahanati sasa hivi au pabaya zaidi," alisema. "Hilo ulijue, na lisitoke kichwani. Umefanya vizuri kumzuia. Umefanya vizuri pia kunieleza bila kuzungukazunguka. Lakini ungenieleza siku ile ya kwanza, leo mdogo wako angekuwa ameshiba."

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako alisema kweli. Akiba haiozi. Lakini akiba ni kitu kinachomsubiri mlaji. Ukikinyima mlaji, hiyo si akiba tena."

Akavua koti, akalitundika. Alibaki ameupa ukuta uso. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi nisikugombeze kama vile mikono yangu ni safi. Ule mlango wa nyuma umeuona nimeufungua? Mama yenu alitushibisha kwa uwanja ule. Mimi nikatia komeo, nikaenda kutafuta kabeji ng'ambo ya mto, kwa sababu sikuweza kuyaona mabeseni yake. Tumekosa sote wawili, mwanangu. Njoo."

Komeo lilikuwa limeshika kutu, ikabidi Baba aligonge kwa nyundo. Mlango ulipofunguka, walisimama kizingitini. Uwanja wote ulikuwa umemezwa na majani. Mabeseni hayakuonekana.

"Pori tupu," Baba alisema.

Chiriku aliinama. Aliinua jani moja, akaligeuza upande wa chini, akalifikicha. "Si pori tupu, Baba. Huu ni mchicha, umeota wenyewe. Na hizi ni kunde! Maganda yalipasuka yakamwaga mbegu. Tazama, zimetambaa mpaka kwenye uzio."

"Na hili?"

"Hilo silijui. Mama alisema jani usilolijua liache, hata likupendeze vipi. Na yale ya pale kwenye mtaro wa maji machafu tusiyaguse, hata kama ni mchicha. Chuma ncha tu, Baba, using'oe, ili ziote tena. Si hivyo, unaliumiza shina. Bana kwa kidole gumba..."

Baba alibana kwa kidole gumba. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kusikia sauti ya binti yake ikifuatana namna ile, na hakutaka kuikatiza.

Mchana ule Kibabu alikula mchicha na wali. Hakumaliza sahani, lakini hakugeukia ukutani. Kesho yake alikula zaidi, na wiki haikuisha kabla hajaanza kutembea uwanjani mikono nyuma, akiwaelekeza Baba na dada yake mahali pa kupalilia. Ile mboga yenye ukungu Baba aliimwaga kwenye shimo refu mbali na mimea, akaifukia. Chupa yenyewe Chiriku aliiosha kwa maji yanayochemka, akaianika.

Mvua zilipokatika, kunde zilikuwa nyingi kuliko walivyoweza kula. Baba alirudi kwenye kazi yake ya uashi, lakini jioni alileta ndoo zilizopasuka alizozikuta zimetupwa kwenye majengo, wakapanda zaidi. Siku ya kukausha, Chiriku ndiye aliyekuwa fundi, na Baba akawa kibarua wake. Walichuma majani machanga asubuhi umande ulipokauka, wakayaosha, wakayachovya kwenye maji ya chumvi yanayochemka, wakayachuja. Wakayatandaza kwenye nyungo kivulini penye upepo, wakafunika kwa chandarua kikuukuu ili nzi wasitue. Fungu la kwanza liliharibika, kwa kuwa Chiriku aliyatandaza mazito mno, yakachacha katikati. La pili lilikauka vizuri. Ukishika jani, linavunjika kwa mlio.

Walipolipika kwa mara ya kwanza, Kibabu alionja, akafikiri, akatikisa kichwa kama mzee barazani.

"Ina chumvi nyingi," alisema. "Ya Mama haikuwa hivi."

 Chiriku aliinamisha uso.

"Kweli haikuwa hivi," Baba alisema polepole. "Ya mwaka ujao itakuwa bora. Hata mama yenu, ile aliyonipikia tulipooana, niliimeza kwa maji."

Kibabu alicheka mpaka akapaliwa. Chiriku naye alicheka, na ghafla macho yake yakajaa. Baba alimwekea mkono begani.

"Sikiliza, mwanangu. Marehemu hatunzwi ndani ya chupa. Mama yako alikuachia kazi mikononi na ukweli mdomoni. Kazi ukiifanya, nyumba hii haitalala njaa. Ukweli ukiusema mapema, kosa dogo halitapata nafasi ya kuota ukungu. Hivyo viwili ndivyo utakavyomtunzia. Haya, kuleni, chakula kinapoa."

Chiriku alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akajivutia bakuli. Kabla hajameza tonge la kwanza alikuwa ameshaanza kueleza jinsi safari ijayo watakavyopunguza chumvi.