Costume Iliyomfuata Feza

"Mwepu, niache. Minyi nimechoka."

Feza alisema hayo akiwa bado mlangoni pa duka la nguo la Maman Bijou, bila hata salamu. Mwepu, mchumba wake, ndiye aliyetengeneza tovuti ya duka hilo na kusambaza matangazo yake, yaani publicité. Akainua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Nimefanya nini tena?"

"Angalia!"

Akamsukumia simu. Kila alipogusa, habari za mvua, mapishi ya sombe, Facebook, ilijitokeza costume ileile ya kijivu, suti ambayo mchumba humpa baba mkwe siku ya posa, na maneno haya: *Costume ya Baba Mukwe. Ungali unaiwaza?*

"Papa alikwisha kukukatala. Sasa unamuchekelea mu telefone yangu?"

Hapo ndipo palipomuuma. Mwepu aliomba kumuoa, na baba yake Feza, Adjudant Muteba, mwanajeshi wa base ya Kamina, akajibu neno moja tu: hapana. Feza alilia mpaka macho yakavimba, kisha akamngoja Mwepu arudi kujitetea. Hakurudi. Ikaja costume.

"Haiko minyi, Feza."

"Publicité ya hili duka njo nani anaiweka?"

"Njo minyi. Lakini sikukuchagua weye. Mu site niliweka kakode kadogo, bantu habakaone. Muntu akifungua picha ya kitu, kanaweka alama ku telefone yake. Kisha publicité ya kile kitu inamufwata kila fasi. Asipofungua, haimufwate. Vile Maman Bijou anajua publicité yake inaleta bantu."

"Kumbe unafwata bantu bila kubauliza."

"Majina yao siyaone..."

"Sikukuuliza majina."

Mwepu akasogeza kompyuta pembeni. Ilionekana wazi kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Njo vile," akasema mwishowe, taratibu. "Sikubaulize."

Feza alimpenda kwa sababu hiyo hasa, kwamba akishikwa na kosa hakimbii. Ndiyo maana kuachana naye kulikuwa kunamtoa roho.

"Na minyi sikufungua costume hata moja," akasema. "Costume ya baba mukwe, minyi naoa nani?"

"Basi nani mwingine anashikaka telefone yako?"

"Papa tu. Ya kwake iko ya kubonyeza, njo anachukuaka yangu akimaliza kula, asome habari..."

Wakatazamana.

"Muntu wa kukatala," Mwepu akanong'ona, "anatafuta costume ya nini?"

Feza akachukua simu yake. Alishika njia ya kurudi nyumbani kambini.

Adjudant Muteba alikuwa barazani, anapiga buti zake rangi. Feza akampa simu kama kawaida. Costume ikajitokeza. Mzee akakohoa.

"Hii kitu inanifwata. Sijue inataka nini kwangu."

"Papa, njo weye uliifungua."

"Niliangalia tu." Akapiga buti brashi kwa nguvu. "Iko na gilet ya kuvaa ndani ya koti?"

"Papa! Si ulisema hapana?"

Mzee akaweka buti chini, akatoa kisimu chake cha kubonyeza na kumpa asome: *Bonjour Papa Adjudant. Nataka kuoa Feza. Réponse SVP. Mwepu.*

"Réponse SVP, mama! Jibu tafadhali! Nilikulea huku mbali na ndugu zetu, leo unaombwa mu SMS? Ba oncle ya Mwepu, bajomba bake, bako wapi? Minyi nilikatala SMS. Kijana sikumukatala. Nilikuwa namungoja arudie na bantu."

Feza akacheka, kumbe machozi nayo yanamtoka. Akampigia Mwepu palepale.

"Uliandikia papa SMS?"

"Nilimuogopa. Nikasema mu telefone hataona vile natetemeka."

"Uje na ba oncle yako. Na ile kakode, iulize bantu kwanza. Muntu akikatala, umuache apite."

"Nitafanya. Pardon, Feza."

Jumamosi wajomba wakafika kutoka Kaniama na pikipiki, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mkubwa wao ndiye aliyesema yote; Mwepu alikaa nyuma, kimya, kama inavyotakiwa. Costume ya kijivu ikatolewa kwenye mfuko. Na gilet yake.

"Eh!" Adjudant akashangaa kwa sauti. "Mulijua namna gani kama napenda hii rangi?"

Feza aliinamia sahani alizokuwa amebeba ili asicheke. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumgeukia Mwepu, na uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Weye. Jana nilifungua ile duka mu telefone. Sasa inaniuliza kama nakubali inifwate."

"Ndiyo, Papa."

"Zamani haikukuwa inauliza."

"Hapana, Papa. Ilikuwa kosa yangu. Njo kosa nilifanya na hapa kwako, sikukuja kuuliza."

Feza akatua sahani chini.

"Ile duka nilijibu hapana," akasema Adjudant Muteba, akijaribu gilet juu ya shati. "Weye, nakubali."