Sproketi Mpya Msituni

Cheni ilichomoka kwenye kona ya tatu ya mteremko, ikajibana, na tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Pikipiki ikaserereka kwenye tope, ikawatupa wote wawili mtaroni. Juliana alipoinua kichwa, alimwona mumewe Liberatus ameketi juu ya majani makavu ya miti ya misindano, ameshika mguu wa kushoto. Chuma cha kuwekea mguu kilikuwa kimemchana chini ya goti, damu ikatiririkia ndani ya buti.

"Umevunjika?"

"Hapana. Ila siwezi kuukanyagia."

Walikuwa wametoka Igawa alfajiri, wanakwenda Mgololo kumwona mjukuu wao wa kwanza. Malori ya magogo yalikuwa yameiharibu barabara, ndiyo maana Liberatus akachukua njia ya mkato. Sasa ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa saba, ukungu umeziba kila kitu na manyunyu yanapenya makoti. Simu hazikuwa na mtandao.

Juliana alimwaga nusu ya maji ya chupa kwenye kidonda, akakikaza kwa kitenge. Nusu iliyobaki aliitunza kwenye begi. Kisha akaitazama pikipiki. Sproketi ya mbele, kigurudumu cha meno kinachovuta cheni, ilikuwa imelika, meno yamebaki kama miiba. Mpya waliinunua Makambako asubuhi ileile. Liberatus alisema ataifunga wakifika.

"Spana ziko wapi?"

"Mama Anjela, acha. Tusubiri mtu apite."

"Unatetemeka, Baba Anjela. Nani apite huku?"

Zamani, walipokuwa wamepanga chumba kimoja Mbeya, kazi hii ilikuwa yao wote wawili. Jumapili baada ya misa walitandika gunia uani, redio ikaimba dirishani. Juliana alikanyaga breki ya nyuma, Liberatus akalegeza bolti huku akiimba kwa sauti mbaya, hadi majirani wakacheka. Halafu wakaja watoto, likaja duka, ikaja nyumba ya Igawa, na pikipiki ikawa inapelekwa kwa fundi. Hakukumbuka ni lini waliacha.

"Njoo ushike breki," alisema.

Liberatus alijivuta kwa viwiko, akaikandamiza breki kwa mikono miwili. Juliana alifungua mfuniko wa sproketi, akachokoa tope. Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili iligoma. Spana ikateleza na kumchuna vidole.

"Gonga mkia wa spana kwa jiwe. Polepole."

Ikalegea. Alisogeza gurudumu la nyuma mbele ili cheni ilegee, akachomoa sproketi ya zamani, akavisha mpya pamoja na cheni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na bolti moja ikamponyoka, ikazama kwenye majani. Aliitafuta kwa magoti, akipekua majani konzi kwa konzi. Liberatus alikuwa ameanza kusinzia, kichwa kinainama.

"Zungumza na mimi. Usilale!"

"Unakumbuka... mama mwenye nyumba? Tulipomwaga oili kwenye mchicha wake?"

"Alitufukuza kwa ufagio. Kisha?"

"Kisha ukamdanganya ni mbolea."

Juliana alicheka, machozi yakimtoka, na hapo akaigusa bolti.

Aliendesha yeye, mara ya kwanza tangu Mbeya, kwa gia ya kwanza na ya pili, mumewe amemkumbatia kiunoni. Kwenye njia panda alizima injini, akasikiliza. Mbali, upande wa kushoto, lori lilikuwa likikohoa kwenye mlima. Alikata kushoto. Saa kumi na moja jioni waliona mapaa ya nyumba.

Zahanatini walimshona Liberatus nyuzi kumi na moja. Binti yao Anjela alifika akihema, mtoto mgongoni.

"Baba, fundi gani aliwasaidia kule porini?"

"Mama yako."

Anjela akamgeukia mama yake, asiamini. Liberatus alikuwa ameushika mkono wa Juliana, ule uliochunika. Nesi alipomwomba Liberatus mkono ili amchome sindano, alimpa wake ule mwingine, bila kuuachia wa Juliana.